Mwanafalsafa wa Tangi la Maji

Tangi lililazwa ubavu ili lisafishwe, na huo ndio ukawa mwanzo wa falsafa katika nyumba ile.

Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, pana kiasi cha ndama kugeuka ndani yake, na kwa miaka mingi lilikuwa limeketi juu ya kichanja cha zege nyuma ya jiko, likipokea maji ya bomba siku yalipotoka na kuyatunza kwa siku ambazo hayakutoka, nazo ndizo zilizokuwa nyingi. Tope lilipozidi ndani yake, mke wa nyumba ile alimwita fundi bomba, wakalimwaga, wakaliteremsha uani kwa kamba, kisha mke akamwomba mumewe aingie na brashi alisugue. Mume huyo alikuwa amestaafu kazi ya kuwaongoza wageni katika jumba la makumbusho, na tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemwomba kazi ya kuinama.

Aliingia. Akasugua kidogo, kwa namna ya mtu anayempapasa mbwa asiyemjua. Kisha akakohoa, na kikohozi kikamrudia kimenenepa. Akatamka neno, "Naam," nalo likamrudia lina uzito wa amri ya mfalme. Akatamka jingine. Maishani mwake mwote, nyumbani na kazini, hakuna mtu aliyewahi kumjibu kwa heshima kama alivyojibiwa na tangi lile. Jioni alipoitwa chakula, aliomba aletewe humo humo. Kesho yake akaazima msumeno, akakata mlango wa kumtosha kuinama na dirisha upande wa mashariki, apate jua la asubuhi.

Fundi bomba alipokuja kulirudisha tangi mahali pake, alilizunguka polepole, mikono kiunoni.

"Mama," akamwambia mke, "tangi likishawekwa dirisha si tangi tena. Hicho sasa ni chumba."

"Haliwezi kuzibwa?"

"Laweza. Litavuja kama siri kwa mlevi."

Dada mkubwa wa mstaafu yule alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, akayasikia yote hayo. Alikuwa mjane, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka kama rula, naye alikuwa amerudi kuishi katika nyumba ile, iliyokuwa ya wazazi wao, ili amuuguze mama yao. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu, hata wale waliomzidi umri. Walimu wa misheni waliomlea walikuwa wamemfundisha kwamba kucha hukatwa, deni hulipwa, na uongo hausemwi hata kwa adui. Na mambo hayo matatu aliyashika hivyo hivyo, kwa uzito mmoja, kama mtu anayebeba mayai matatu katika kiganja.

"Usihangaike, wifi," akamwambia mke wa nduguye. "Alipokuwa mdogo aliwahi kukaa siku nzima chini ya kitanda akidai yeye ni mfungwa wa vita. Njaa ilimtoa."

"Wifi yangu, yule mfungwa hakuwa analetewa chakula," mke akajibu. "Huyu analetewa na mimi."

"Basi acha kumletea."

"Nikiacha, atasema hadharani kwamba ninamtesa. Na watu watamwamini, maana sasa ana sauti."

Ilikuwa kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amepata sifa kabla hata ya kupata tembo.

Asili ya upuuzi wote huo ilikuwa kisa. Katika habari za Wayunani wa kale husimuliwa juu ya mwanafalsafa mmoja aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa wa udongo katikati ya mji, hana mali, hana mke, hana haya, akiwabeza wakubwa kwa wadogo. Husimuliwa kwamba mfalme mwenye kushinda vita vyote alimwendea siku moja, akamwambia aombe lolote atakalo, naye, akiwa amejilaza akiota jua, akamjibu tu, "Niondolee kivuli chako." Kisa hicho mstaafu wetu alikuwa amewasimulia wageni kwa miaka yote ya utumishi wake, akiwa amesimama kando ya mtungi mmoja wa makumbusho ambao haukuwa wa Wayunani wala haukukaliwa na mtu yeyote. Ulikuwa wa kuwekea nafaka. Lakini wageni walipenda, wakacheka, wakampiga picha; na mtu akichekewa kila siku kwa maneno ya mwingine, hufika mahali akadhani maneno ni yake.

Sasa alikuwa na mtungi wake mwenyewe. Akaanza kuchukua mambo ya yule Myunani moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu nguo dukani, na kila vazi lililombana akalirudisha kwa siri. Ufukara aliuchukua, maadamu ulihusu mali ya mkewe. Kuota jua alikuchukua kote. Njaa aliijaribu asubuhi moja, akairudisha kabla ya saa ya chai. Husimuliwa kwamba yule wa kale alikuwa akiziomba hata sanamu za mawe, ili azoee kunyimwa. Huyu wa uani hakuwa amezoea kunyimwa hata chumvi. Kiazi kikija hakijakolea, alikirudisha kupitia dirishani pamoja na hotuba.

Na simu hakuiacha. Waya wa umeme ulitoka dirisha la sebuleni, ukakatiza uani juu ya matofali mawili, ukaingia tangini. Usiku mwanafalsafa alichaji.

Husimuliwa pia kwamba yule Myunani alitembea mchana kweupe akiwa na taa mkononi, akisema anatafuta mtu. Basi huyu naye akaenda sokoni adhuhuri, akawasha tochi ya simu, akawa anawamulika wauzaji usoni mmoja mmoja.

"Natafuta mtu," akasema kwa muuza vitunguu.

"Umempata, baba," muuza vitunguu akajibu akikinga macho. "Nunua vitunguu au zima taa."

Kisa hicho kilimfikia Mwalimu Mkuu kupitia kwa muuza vitunguu mwenyewe. Hakucheka. Alinunua vitunguu vingi kuliko alivyohitaji, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Wafuasi hawakukawia. Kwanza alikuja karani mmoja mstaafu aliyechoka kukaa kwake. Kisha msusi wa mtaa wa pili, aliyefuata maneno ya hekima ya kuandika ukutani mwa saluni. Kisha wanachuo kadhaa wenye simu za kupigia picha. Kila alasiri walikusanyika uani. Na kwa kuwa hapakuwa na viti vya kuwatosha, walizipindua ndoo za nyumba ile, wakazikalia.

Hapo ndipo falsafa ilipokuwa na bei, na aliyeilipa hakuwa mwanafalsafa mwenyewe. Mama yao hakuweza tena kutembea. Alikuwa wa kuoshwa asubuhi na jioni, wa kubadilishiwa mashuka mara kwa mara, na maji ya kazi hiyo zamani yalitoka tangini kwa kufungua koki tu. Sasa wifi aliyafuata kwa jirani, ng'ambo ya barabara, ndoo kichwani, shingo imekakamaa. Tena aliyafuata pale tu wanafunzi wa hekima walipokubali kunyanyuka juu ya ndoo.

"Samahani, dada," alimwambia msusi alasiri moja, "naomba hiyo ndoo."

"Ngoja kidogo, mama," msusi akanong'ona, macho yakiwa tangini. "Ndiyo kwanza anaeleza kwamba binadamu hahitaji kitu."

Siku ile ile mwanafalsafa alitupa kikombe. Husimuliwa kwamba yule wa mtungi alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akasema, "Mtoto huyu amenishinda kwa wepesi wa maisha," akakitupa kikombe chake. Huyu wetu alikieleza kisa hicho kwa urefu, sauti ikizunguka ndani ya plastiki kama nyuki, kisha akatoa mkono dirishani na kukirusha jalalani kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Wafuasi wakapiga makofi. Karani mstaafu alifuta machozi. Walipokwisha kuondoka, wifi alikwenda jalalani, akakiokota, akakisugua kwa majivu, akakiweka katika rafu ya juu kabisa ya kabati, nyuma ya sahani za wageni, mahali ambapo hakuna mwanafalsafa aliyewahi kufika.

Mwalimu Mkuu alimtazama akifanya hivyo, akafikiri moyoni kwamba historia yote ya hekima huenda iliendeshwa hivyo: mmoja anatupa, makofi yanapigwa, na mwingine anaokota watu wakishaondoka. Tena huyo wa pili hakuna aliyemsimulia.

Hata hivyo, kilichomuuma si maji, wala ndoo, wala umeme. Ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amegeuka mwongo.

Mama yao alilala katika chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Macho yake yalikuwa yamefifia na miguu imemkataa, ila akili na ulimi vilikuwa vizima, vimebaki peke yao kama walinzi wawili katika nyumba iliyohamwa. Kila siku aliuliza jambo moja.

"Mwanangu yuko wapi?"

Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alishindwa kusema yaliyokuwa kweli. Mdomo wake, uliowahi kumfukuza shule mwana wa mkubwa kwa uongo wa daftari, ulifunguka ukasema, "Yuko kazini, mama."

"Si alistaafu?"

"Wamemwita tena. Kwa muda."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni, mama."

Basi uongo ule ukawa kama shuka la mgonjwa, haukuisha kwa kutandikwa mara moja. Kesho yake tena, na kesho kutwa yake, huku mwenye kudaiwa kuwa kazini akiwa hatua chache nyuma ya jiko, chali, akitoa maoni juu ya ulimwengu. Na mama alikuwa anapungua. Bibi mwuguzi aliyepita kumpima alimwambia Mwalimu Mkuu mlangoni, kwa sauti ya chini, "Kama kuna mtu anayetaka kumwona, asiahirishe." Tangu siku hiyo Mwalimu Mkuu alijua kwamba yako mambo mawili, na moja litatangulia: ama nduguye aingie mlango ule wa mbele, ama mama yao aondoke akiwa ameshiba uongo wa binti yake.

Asubuhi iliyofuata alimwendea. Alisimama mbele ya mlango wa tangi, kivuli chake kikaingia ndani.

"Dada," sauti ikatoka, "unanizibia jua."

"Nimelizuia kwa makusudi. Simama tuzungumze."

"Humu hamsimamiki."

"Basi huo ndio upungufu wa kwanza wa falsafa yako. Mama anakuuliza kila siku. Nenda ukamwone."

Kichwa kikajitokeza, ndevu zimeachwa ziote ovyo kwa makusudi, jambo moja kati ya machache aliyoyafanya kwa bidii. "Dada, nimekwisha kueleza. Mwenye hekima hana nyumba, hana ukoo. Yeye ni raia wa ulimwengu."

"Raia wa ulimwengu, umeme wako unatoka wapi?"

"Hayo ni mambo madogo."

"Haya, tuache madogo. Wewe ulikuwa ukiwasimulia wageni kisa cha wale ndugu wawili na mama yao. Nisimulie na mimi."

Alisita, lakini mtu aliyeishi kwa kusimulia hawezi kuombwa kisa akakinyima. Akajiweka sawa. "Mama yao," akasema, na tangi likaitika nyuma yake, "alitakiwa kufika hekaluni kwa ibada ya mungu wao wa kike. Ng'ombe wa kuvuta gari walichelewa shambani. Basi wale vijana wawili wakajifunga nira wenyewe, wakalivuta gari akiwa juu yake, mwendo mrefu, mpaka hekaluni. Watu wote wakawashangilia. Ni kisa kizuri mno. Wageni walikuwa wakilia."

"Na wewe ulikuwa ukifanya nini wageni wakilia?"

"Nilikuwa nawapeleka chumba kinachofuata."

"Naona hujaacha."

Akanuna. "Sijamalizia kisa, dada. Mama yao aliwaombea zawadi iliyo bora kuliko zote, na mungu yule akawapa: walilala mle hekaluni wasiamke tena. Hiyo ndiyo faida waliyopata. Mimi hainivutii."

"Hakuna anayekuomba ufe," akasema Mwalimu Mkuu. "Wala nira sikuletei. Umeombwa kupita jikoni."

"Nikiingia mle leo, wote hawa wanaonisikiliza watasema nimeshindwa."

Neno hilo Mwalimu Mkuu alilitazama kama anavyotazamwa panya aliyekufa ndani ya kabati la vitabu. Kumbe hapakuwa hata na falsafa. Alikuwa amejiandaa kupambana na wazo, akakuta mtu anayeogopa msusi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema, akaondoka, akamrudishia jua lake.

Kumbe chumba cha mbele nacho kilikuwa na masikio. Alasiri ya siku ile upepo uligeuka, ukaelekea nyumbani. Wafuasi walikuwa wameketi juu ya ndoo zao, na mwanafalsafa alikuwa katika kilele cha hotuba juu ya ubatili wa mazishi. Maana yule Myunani, husimuliwa, aliagiza atupwe nje ya mji awe chakula cha wanyama. Sauti ilipanda, ikapita juu ya jiko, ikazunguka ukuta, ikaingia dirisha la mbele. Mwalimu Mkuu alikuwa akiukunja mkono wa mama ili ampake mafuta. Mkono ukakaza.

"Hiyo ni sauti ya mwanangu."

Mwalimu Mkuu akachovya vidole katika mafuta.

"Iko kama inatoka ndani ya pipa. Lakini ni yake. Huyo mtoto tangu zamani akisema uongo huanza na 'kwa hakika'. Umesikia? Kwa hakika." Mama akageuza uso wake mdogo upande wa binti yake. "Kazini kwake kumehamia uani?"

Hapa ndipo mtu angeweza kutandika shuka jingine. Ungekuwa uongo mwepesi: redio ya jirani, mama; kanda ya zamani, mama. Maneno yalikuja yenyewe mpaka kwenye meno. Mwalimu Mkuu akafunga kinywa, akayameza, na yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo.

"Yuko uani, mama. Anaishi ndani ya tangi la maji."

"Ndani ya tangi?"

"Ndani ya tangi."

"Na maji yako wapi?"

"Yanaletwa na mkewe, kichwani."

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nguo zianuliwe kabla ya mvua, "Nipelekeni."

Wakampeleka. Hapakuwa na gari wala ng'ombe. Palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, na wanawake wawili, wifi na wifi, mmoja amepita huku na mwingine kule, wakimbeba mama kupitia ukumbini, jikoni, mpaka kwenye ngazi ya uani. Mwalimu Mkuu hakuwa amebeba kitu kizito tangu enzi za kuhamisha madawati, na mgongo wake ulionyooka ulilalamika. Hata hivyo aliona, akiwa anahema, kwamba kisa kile cha ndugu wawili kilikuwa kimewatokea wao, na hapakuwa na mtu yeyote wa kushangilia.

Msusi alisimama juu ya ndoo yake apate kuona. Mwanachuo mmoja akainua simu, kwa kuwa alidhani ni sehemu ya somo. Kiti kikawekwa mbele ya mlango wa tangi, juani, na mama akafumba macho kwa ukali wa mwanga ambao hakuwa ameuona muda mrefu.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka tangini, nayo kwa mara ya kwanza haikunenepa. Ilitoka kama ilivyoingia.

"Marahaba. Toka nikuone."

Akatoka kwa magoti, maana hapakuwa na namna nyingine ya kutoka. Akabaki amepiga magoti pale, mtu mzima mwenye ndevu za kuazima, mbele ya bibi mdogo aliyefunikwa shali. Mama akanyoosha mkono, akampapasa uso, akazifikia ndevu, akazishika.

"Hizi ni za nini?"

"Ni za... ni hivi, mama, kwa hakika..."

"Nyamaza." Akaziachia. Jua lilikuwa kali, na safari ile fupi ilikuwa imemmaliza pumzi. Akalamba midomo yake iliyokauka. Haikuwa hila, wala fumbo, wala mtihani. Alikuwa mgonjwa aliyewekwa juani. "Nina kiu, mwanangu. Nipe maji."

Wifi akageuka haraka kuelekea jikoni, kwa mazoea. Mama akasikia nyayo zake.

"Wewe umeshachota vya kutosha. Nimemwomba yeye."

Mwanafalsafa akasimama. Akatazama kulia na kushoto, kama mgeni aliyeachwa na kiongozi wake katika chumba kisicho na maandishi. Tangi halikuwa na maji. Lilikuwa na yeye. Karibu na ngazi ya jiko palikuwa na ndoo moja ambayo haikukaliwa na mtu, imejaa mpaka ukingoni. Akaiendea. Akatafuta cha kutekea, asipate. Wafuasi wote walikuwa wakimtazama, na mmoja wao, karani yule aliyelia kwa ajili ya kikombe, akanong'ona kwa unyenyekevu, "Viganja, mwalimu. Kama yule mtoto."

Basi akachota kwa viganja. Mtoto wa kisa kile alikunywa pale pale alipochota. Hakuwa amepewa kazi ya kumpelekea mtu mwingine. Mstaafu alivuka ua akiwa amekunja mikono mbele yake, hatua ndogondogo, macho kwenye vidole, na maji yakamtoka katikati ya vidole hivyo yakimdondokea miguuni, matone yakichora mstari mweusi juu ya vumbi toka ndoo mpaka kwenye kiti. Alipofika, akaviinamisha viganja kwenye midomo ya mama yake.

Mama akanywa, au alitaka kunywa. Ulimi wake ukakuta ngozi yenye unyevu na harufu ya plastiki. Akaupitisha ulimi mara ya pili, kwa kuwa kiu haina aibu. Kisha akaurudisha uso wake nyuma.

"Wanasema mkono mtupu haulambwi," akasema taratibu. "Basi mimi leo nimeulamba."

Mwanachuo akateremsha simu. Msusi, ambaye huenda alikuwa na mama yake mahali fulani, alijiondoa juu ya ndoo, akaigeuza, akaiweka wima mlangoni mwa jiko, akaenda zake bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu akirudisha ndoo yake kimyakimya. Karani mstaafu peke yake alibaki akisubiri neno la kufunga. Hakulipata, naye akaondoka.

Mstaafu alikuwa bado ameshika viganja vyake mbele yake, vitupu, akivitazama. Mwalimu Mkuu aliutazama uso huo bila huruma yoyote. Alikuwa amewaona watoto wengi katika maisha yake wakifikia mahali pale ambapo jibu walilolikariri limekwisha na swali lingali linaendelea, na hakuwahi kuwasaidia hata mmoja wao kabla ya wakati. Wifi alipiga hatua kuelekea kabatini, Mwalimu Mkuu akamshika mkono, akamzuia.

Hatimaye nduguye akageuka. Akapanda ngazi ya jiko, akainama mlangoni kwa desturi mpya ya tangini, ingawa mlango ule haukuwa wa kuinamia, akaingia. Wakasikia kabati likifunguliwa. Likafungwa. Likafunguliwa jingine, ambalo Mwalimu Mkuu kwa mlio wa bawaba alijua ni la sabuni na mafuta ya taa. Kisha kimya. Kisha sufuria ikaanguka.

"Dada!" akaita kutoka ndani. Ile haikuwa sauti ya mwanafalsafa. Ilikuwa ya mume aliyeishi katika nyumba maisha yake yote asijue rafu zake. "Vikombe vinakaa wapi?"

Mwalimu Mkuu akasogea hatua moja, kivuli chake kikamwangukia mama, kikamkinga na jua.

"Tafuta," akajibu. "Si una taa?"

Ndani, mwanga mdogo mweupe ukawaka, ukapita dirishani, ukashuka chini, ukaanza kupanda rafu moja baada ya nyingine. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa chake kimeegemea tumbo la binti yake, midomo ingali mikavu.

"Yuko wapi mwanangu?" akauliza.

"Yuko ndani ya nyumba, mama," akasema Mwalimu Mkuu. "Anakutafutia kikombe."